Baina ya Picha Mbili: Kumbukumbu za Msomaji

Katika kipindi cha utawala wa Daniel arap Moi, yaani 1978 hadi 2002, Kenya ilikuwa na picha mbili ughaibuni. Ya kwanza ilikuwa ya mtalii: kisiwa cha amani chenye fuo na simba. Ya pili ilikuwa ya mtetezi wa haki: nchi ya vizuizi na vyumba vya mateso vya Nyayo House. Picha ya kwanza ilificha mengi. Ya pili ilikuwa ya kweli, wala sikusudii kuipunguza makali. Hata hivyo, sisi wengine, tuliokuwa wengi, hatukuwamo katika yoyote kati ya hizo.

Katika semina za ng'ambo nimesikia mara nyingi kisa cha Matigari, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyotoka kwa Kigĩkũyũ mwaka 1986. Husimuliwa kwamba serikali iliamuru mhusika mkuu akamatwe, ikidhani ni mtu halisi. Mwaka 1987 nakala za riwaya zikatwaliwa. Wasikilizaji hucheka. Kicheko hicho huichora dola kuwa jinga na raia kuwa bubu. Lakini mwaka 1988, Chembe cha Moyo, diwani ya Alamin Mazrui, aliyekuwa amewekwa kizuizini bila kushtakiwa mwaka 1982, ilichapishwa papa hapa Nairobi. Raia alikuwa na kauli. Kila siku alipima mahali pa kuitolea.

Mwaka huohuo wa 1988, wanachama wa KANU waliteua wagombea kwa mlolongo: ulisimama nyuma ya umtakaye, ukahesabiwa hadharani. Mama yangu, muuza mboga, hakuwatazama askari. Aliwatazama majirani. Kwake, dola haikuwa jumba la Nairobi. Ilikuwa mteja wa kesho, mwenye duka aliyemkopesha unga, na mwenye nyumba. Alisimama nyuma ya mgombea aliyependwa na mwenye nyumba. Jioni, akisonga ugali, alimpachika mgombea yuleyule jina la utani, nasi watoto, tuliokunywa maziwa ya Nyayo shuleni na kuyaona matamu, tukacheka hadi machozi.

Je, mama alitii au aliasi? Mtalii angejibu kwamba aliridhika; mtetezi wa haki angejibu kwamba alinyamazishwa. Yote mawili yangemwondolea akili yake. Aidha, mhakiki anayezisoma kazi za kipindi hicho hukabiliwa na kishawishi hichohicho: kila fumbo hulifanya mapinduzi, na kila hadithi ya mapenzi au ya harusi huifanya woga wa mwandishi. Yafaa kwanza auulize matini: ni nani alikuwa amesimama karibu yalipotamkwa maneno haya, na msemaji alimdai au alidaiwa nini naye? Woga wa miaka ile uliishi humo, katika madeni madogo ya ujirani, na kicheko nacho kiliishi humo.