Mkono na Kazi Yake

Kidonda kikifunga, watu husema mgonjwa amepona. Usemi huo ni nusu ya kweli. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliitikisa Kagera; kuta zikaporomoka, watu wakafa, na mamia wakajeruhiwa. Mfupa uliovunjika huunga kwa majuma kadhaa. Lakini mkono uliofungwa muda mrefu hukakamaa, na mwenyewe huogopa kuutumia. Hapo ndipo tiba ya kazi inapohitajiwa.

Waanzilishi wa tiba hii waliunda chama chao Marekani mwaka 1917. Nchini Tanzania, wataalamu wake hufundishwa Moshi, katika hospitali ya KCMC. Msingi wake ni huu: kiungo hurudishiwa nguvu kwa shughuli ambayo mwenyewe anaihitaji. Kwa mama wa Muleba, kubinya mpira ni mchezo mtupu. Kumenya ndizi ni maisha. Mpini wa kisu huzungushiwa kitambaa upate kushikika. Leo ndizi moja, kesho mbili, na vidole hujikunja bila kuhimizwa. Kadhalika mvuvi wa Bukoba hupewa wavu ashone, na mkulima huchuma kahawa ya matawi ya chini.

Aghalabu jamaa humkataza mgonjwa kugusa kitu, kwa huruma. Huruma hiyo ni njema kwa siku chache. Ikizidi, humfanya mgeni katika nyumba yake. Bali aliyemenya ndizi ya chakula cha jioni, japo moja, amekwisha kurudi miongoni mwa wenyeji.