Ukifika Kitale, 'bei' yaweza kuwa maji

WAHENGA walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini msomaji, ikiwa likizo hii utawapeleka watoto Kitale au Bungoma, jua mapema kwamba si kila neno utakalolisikia sokoni ni lile ulilofunzwa darasani. Herufi zitakuwa zile zile. Maana itakuwa imehama.

Tuanzie Kitale, mji mkuu wa Trans Nzoia, ghala la mahindi la nchi yetu. Reli ilipofika hapa mwaka wa 1926, ardhi yote hii nzuri ilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu. Baada ya uhuru mashamba mengi yaligawanywa, na watu wakaja kutoka kila upande kununua vipande: Wabukusu, Wanandi, Wakikuyu, Waluo na Abagusii. Wakawakuta Wasabaot na Wapokot. Ndiyo sababu mtu akizunguka soko la Kitale asubuhi moja tu, masikio yake husafiri mbali kuliko miguu.

Sasa chukua neno 'bei'. Kwa Mswahili, bila bei hakuna biashara. Kwa Mnandi, 'bei' ni maji. Mwanafunzi wa Nairobi akichutama mbele ya ajuza wa Kinandi asiyejua Kiswahili vyema na kuuliza, "Mama, bei?" asishangae akiletewa kikombe. Yule mama hakukosea. Amemwonea huruma mtoto mwenye kiu.

Ukitoka Kitale, panda matatu ya Webuye. Utapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, mlima Elgon ukiwa upande wako wa kulia, na kutoka Webuye ni mwendo mfupi tu hadi Bungoma. Hapa ndipo nyumbani kwa Wabukusu, na hapa ndipo neno 'kula' linapomchanganya mgeni. Mwuza ndizi akikuambia kwa Kibukusu, "Kula!" usikimbilie kumenya. Anakuambia ununue! Ukila kwanza, utalipa, na pengine utasemwa.

Je, imekuwaje? Ukivuka mpaka wa Malaba na kwenda hadi kwa Waganda, utasikia kununua kukiitwa 'kugula'. Sauti ile ya 'g', kinywani mwa Mbukusu, imekuwa 'k', na 'gula' ikawa 'kula'. Ama sisi tunaposema 'kula', mzizi wenyewe ni 'la' tu. 'Ku' ni kiambishi. Mbukusu naye anayo kula yake ya chakula, ila huitamka 'khulya'. Kwa hivyo maneno haya mawili hayajawahi kuwa ndugu. Ni wapita njia waliokutana wakiwa wamevaa shati la rangi moja.

Nyumbani nako kuna visa. Mtoto wa Kibukusu humwita baba yake 'papa'. Akiandika katika insha kwamba papa alimpeleka shuleni, mwalimu wa Mombasa atafikiria samaki mwenye meno makali. Nyanya naye huitwa 'kukhu'. Watoto wa mjini, wasiozoea ile 'kh', huishia kumwita bibi yao kuku. Herufi moja tu ndiyo imesimama kati ya heshima na kicheko.

Hata jina la mji lina mvutano. Wapo wasemao kwamba Bungoma limetokana na 'engoma', yaani ngoma kwa Kibukusu. Wengine hulihusisha na Wabong'omek, jamii ya Wasabaot iliyoishi hapa. Na ukimtajia 'ngoma' bibi Mkikuyu wa kule Kitale, huenda asiwaze harusi wala matarumbeta. Kwa lugha yake, ngoma ni mizimu, pepo wa wafu. Hebu fikiria mwaliko usemao kuwa jioni kutakuwa na ngoma!

Wazungu nao hawakupona. 'Gift' kwa Mwingereza ni zawadi, lakini kwa Mjerumani ni sumu. Kwa Mswidi neno hilo hilo ni sumu, na pia ni mtu aliyeoa au kuolewa. Mhispania akiagiza 'burro' ataletewa punda. Mwitaliano ataletewa siagi. Mfaransa hula 'pain' kila asubuhi, nao ni mkate, ilhali kwa Mwingereza neno hilo ni maumivu. Hata hivyo kuna tofauti. 'Gift' la Kiingereza na la Kijerumani ni ndugu wa damu, wote wa ukoo wa kitenzi cha kutoa. Kile kinachotolewa kikawa zawadi kwa mmoja, na kwa mwingine kikawa kipimo cha dawa, hatimaye sumu. 'Pain' ni kama 'kula' yetu: sura moja, koo mbili.

Msomaji atauliza, haya yote yana faida gani zaidi ya kuchekesha? Yanayo. Mwaka wa 1991 na 1992 mapigano ya kikabila yalizuka Trans Nzoia na Mlima Elgon, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 damu ikamwagika tena katika sehemu hizo. Hayakuletwa na maneno ya sokoni. Ardhi na siasa ndizo zilizoyaleta. Lakini mahali ambapo majirani wamewahi kukimbiana, neno lililosikika vibaya halichelewi kugeuka tusi, na tusi halichelewi kugeuka ugomvi. Mtu aliyezoea kuuliza, "Kwenu neno hili lina maana gani?" humpa jirani nafasi ya kujieleza kabla hajahukumiwa.

Kwa hivyo, wazazi, mnapofunga safari, wafundisheni watoto walau maneno kumi ya huko mwendako. Anzeni na 'mulembe', salamu ya Wabukusu yenye maana ya amani. Kisha waacheni wakae na kukhu wao jioni, wamuulize majina ya vitu vilivyo jikoni. Watakosea, atacheka, atawasahihisha. Na siku watakapoletewa maji Kitale badala ya kutajiwa bei, wayanywe, washukuru, kisha waulize bei upya.