Kazi ya Kiingereza na Lipu ya Mtumbwi

Msomaji kijana, hapana shaka umepata kupewa kazi ya Kiingereza ukaenda nayo nyumbani kama mtu aliyetwikwa mzigo asioujua ndani mna nini. Kitabu kimoja cha hadithi, swali moja, kurasa mbili tupu za daftari, na siku mbili za kuzijaza. Mimi ni mwalimu wa somo hilo. Nilifunzwa ualimu chuoni, na tangu nilipotoka huko nimesahihisha madaftari mengi kuliko niwezavyo kuhesabu, na mengi katika hayo ni ya watoto wa Kisiwa cha Mombasa. Nataka kusema nawe juu ya mzigo huo, maana nimeona watu wakiupeleka na kuurudisha miaka minne pasipo kuufungua.

Kwanza tufahamiane juu ya mtihani, tusije tukadanganyana. Katika mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza Kenya mwaka 1985, karatasi ya tatu ya Kiingereza katika mtihani wa KCSE imekuwa na alama 60: alama 20 za insha ya kubuni, 20 za kitabu teule cha lazima, na 20 za kitabu teule cha hiari. Alama 60 si kitu cha kudharau. Mzazi aliyelipa karo hazidharau, wala mimi sizidharau. Lakini kwa ajili ya alama hizo imezuka biashara ya vijitabu vya mwongozo, na kila kijitabu humpa mwanafunzi hoja nne zilizokwisha kutafunwa, ameze tu. Siku hizi hata kijitabu si lazima. Simu nayo huandika. Mwalimu akikusanya madaftari arobaini hupata insha moja iliyoandikwa kwa mikono arobaini.

Ya insha ya kubuni ni hayo hayo. Nimesoma insha ya mtoto aliyezaliwa Kibokoni, ambaye hajapata kulala usiku mmoja nje ya Pwani, akieleza asubuhi ya ukungu na baridi, na ndege waimbao juu ya misonobari. Katika mtaa wake hapana mti ila mwarobaini mmoja, na ndege wanaosikika ni kunguru. Nilipomwuliza asubuhi hiyo aliiona wapi alinijibu kwa adabu kwamba ndiyo asubuhi inayopata alama. Sikumcheka. Mtoto hakusema uongo kwa kupenda uongo. Alifundishwa kuwa Kiingereza ni nyumba ya watu wengine, na mgeni hana ruhusa ya kuingia na viatu vyake.

Jambo hili hunishangaza zaidi kwa kuwa linatokea Mombasa. Mji huu ulikuwa ukipima maneno kwa mizani kali kabla ya skuli hizi zote. Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alitunga mashairi juu ya mambo ya mji wake: vita, ndoa, bei, njaa, na mashua zinazoondoka. Watu waliyahifadhi vichwani, na baadaye katika karne hiyohiyo Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaandika, akisaidiana na mmishenari Mwingereza, W. E. Taylor. Fikiri, msomaji: wakati Muyaka alipokuwa amekufa zamani, wako waliokuwa wakiyakumbuka maneno yake, na mtu akikosea mizani husahihishwa palepale barazani. Mtoto wa mji kama huo haji darasani mikono mitupu. Anajua, hata asipojua kuwa anajua, kwamba neno lina mahali pake.

Lakini lazima niseme pia kwamba mtoto huyo ana kazi tatu, si moja. Nyumbani husema Kimvita, na barabara kuu ya Mji wa Kale huita Ndia Kuu. Akifika darasa la Kiswahili huambiwa aandike njia, kwa maana mwaka 1928 mkutano uliokutana hapahapa Mombasa ulichagua Kiunguja, si Kimvita, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kisha kengele hulia, naye huingia katika Kiingereza. Mtu aliyekwisha kusahihishwa lugha ya mama yake asubuhi huwa mwepesi wa kuamini, saa nne, kwamba asubuhi ya misonobari ni bora kuliko yake.

Sasa nikupe mfano mmoja, maana maneno matupu hayajengi nyumba. Kwa miaka kadhaa, hata mwanzoni mwa miaka ya 2020, miongoni mwa vitabu teule vya hiari kilikuwamo The Pearl, hadithi fupi ya John Steinbeck, Mmarekani, iliyotoka kama kitabu mwaka 1947. Mwandishi alisikia kisa chake katika safari ya baharini mwaka 1940, huko La Paz, pwani ya Meksiko. Ni habari za Kino, mpiga mbizi maskini, na mkewe Juana, na mtoto wao Coyotito aliyeumwa na nge. Daktari akakataa kumtibu kwa kuwa hawana fedha. Kino akapata lulu kubwa ajabu, na tangu saa hiyo hakupata amani.

Wako watakaouliza kwa nini mtoto wa Mombasa asome habari za mvuvi wa Meksiko zilizoandikwa na Mmarekani. Ni swali la haki. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika huko Chuo Kikuu cha Nairobi wakitaka idara ya Kiingereza ivunjwe na Afrika iwekwe katikati ya masomo ya fasihi. Mimi ni mmoja wa waliofaidika na hoja yao, kwa kuwa nilisoma vitabu ambavyo waliotangulia hawakusomeshwa. Hata hivyo sikusikitika kukiona kitabu kile katika orodha. Bahari ni bahari.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne, kijana mkimya, akaaye katika vichochoro vilivyo nyuma ya Bandari ya Kale. Nilikuwa nimewapa kazi ya kusoma tu, pasipo kuandika: wasome kurasa chache, wasimame kila penye neno wasilolielewa, waulize mtu. Kesho yake alinijia na kitabu mkononi. Katika kurasa zile Steinbeck anaeleza mtumbwi wa Kino. Alirithi kwa baba yake, naye baba alirithi kwa baba yake, na kila mwaka Kino huupaka upya kitu kigumu kama kombe kisichopitisha maji, kwa ufundi wa siri ambao nao ulikuwa urithi. Kijana aliniambia, "Mwalimu, kamusi inasema neno hili ni lipu. Lipu ya ukutani itashikaje kwenye chombo?"

Swali lilinifurahisha, nami sikulijibu. Nilimwambia, "Nenda kamwulize babu yako."

Babu yake alikuwa baharia wa majahazi ujanani mwake. Kijana alimwamkia, akaketi, akamfasiria maneno yale kwa Kiswahili kadiri alivyoweza. Mzee hakumngoja amalize. "Hiyo si lipu, mwanangu," alisema. "Hiyo ni deheni." Akamweleza jinsi shahamu inavyoyeyushwa na kuchanganywa na chokaa, na jinsi maji yakitoka, chombo kimelazwa pwani, watu hukipaka tumboni kwa mikono ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Akamwambia pia kuwa kipimo cha chokaa ndicho siri, na kila fundi ana chake.

Msomaji, utaniambia kuwa deheni haimo katika mtihani. Kweli, haimo. Lakini tazama ilimfanya nini msomaji yule. Tangu siku hiyo alikisoma kitabu kama mtu aliye na ndugu ndani yake, na kila jioni alimsimulia babu yake yaliyotokea. Walipofika mahali ambapo watu wasiojulikana wanautoboa mtumbwi wa Kino usiku, darasa zima lilipita pale kama mtu apitaye dukani asipokuwa na haja ya kununua. Kijitabu cha mwongozo kilikuwa na mstari mmoja tu juu ya jambo hilo. Yeye alisimama. Mwandishi anasema waziwazi kuwa kuua chombo ni uovu uliozidi kuua mtu. Wenzake walidhani ni maneno ya kutia chumvi. Nyumbani kwao kijana hakuna aliyedhani hivyo.

Kisha ikaja kazi ya kuandika. Swali lilikuwa la namna inayotahiniwa: onyesha, ukitumia hadithi hiyo, jinsi tamaa iletavyo maangamizi. Madaftari yalikuja, na karibu yote yalisema kitu kimoja, yaani Kino alikuwa na tamaa, tamaa ikamwangamiza. Daftari la kijana yule lilikuwa na kurasa moja na nusu, Kiingereza chake kina makosa ya nyakati na ya herufi, na lilianza kwa kukataa. Kino, aliandika, aliulizwa atafanya nini na mali, akataja ndoa kanisani, nguo mpya, bunduki, na kwamba mtoto wake atasoma skuli, ajue yaliyomo vitabuni. Je, baba kutaka mwanawe asome ni tamaa? Na chini yake aliandika kwamba babu yake aliuza sehemu yake katika mashua ili alipiwe karo ya kidato cha kwanza.

Nililiweka daftari chini, nikatembea kidogo.

Nisikufiche: kwa kanuni za usahihishaji insha ile haikustahili alama kubwa. Haikuwa na utangulizi unaolijibu swali, na hoja yake ya pili ilikatika njiani. Mtahini asiyemjua mwandishi angempa alama 9 katika 20, pengine 10, wala asingekuwa mdhalimu. Tena kijana huyo alikuwa akizihitaji alama kuliko wengi. Kama angeanguka, mashua ingekuwa imekwenda bure. Ingekuwa rahisi kumwambia afuate kijitabu kama wenziwe mpaka mtihani upite, na wako walimu wema ambao wangefanya hivyo kwa huruma. Mimi nilimwita nikamwambia kuwa swali halikuuliza tamaa ya nani.

Alinitazama. Nikamwambia arudi kitabuni atafute mwenye tamaa ni nani, alete ushahidi na kurasa zake. Alirudi na daktari, ambaye alimfukuza mtoto mgonjwa mlangoni asubuhi, naye akaja mwenyewe usiku alipopata habari za lulu. Akarudi na wanunuzi wa lulu, wanaojifanya washindani katika vijiduka vyao, kumbe wote ni mawakala wa mtu mmoja. Wakamwahidi Kino peso 1,000 kwa kitu ambacho yeye alikisia kuwa cha peso 50,000. Akarudi na wale waliotoboa mtumbwi. Juu ya Kino mwenyewe tulibishana sana. Nilimwonyesha mahali anapompiga mkewe pwani kwa sababu alitaka kuitupa lulu baharini, nikamwuliza kama hiyo nayo ni elimu ya mtoto. Alikaa kimya, kisha akasema kwamba hiyo lazima aiandike pia, ijapokuwa haipendi.

Aliandika insha hiyo mara tatu. Katika mara ya tatu makosa yalikuwa yamepungua, hoja zimesimama moja baada ya moja kama atakavyo mtahini, na katikati mlikuwa na sentensi mbili juu ya deheni, neno lenyewe la Kiswahili limeachwa kama lilivyo na maana yake ikaelezwa kwa Kiingereza chepesi. Aliniuliza kama aifute. Nilimwambia sentensi hizo zinaeleza kwa nini chombo kilikuwa na thamani kuliko nyumba, kwa hiyo zina kazi, zikae. Nilimpa 15. Sikumwongezea hata moja kwa ajili ya babu yake.

Siku aliyoisoma mbele ya darasa, alipomaliza, aliomba ruhusa ya kuuliza swali lisilokuwa lake. Babu yake alikuwa amesikia hadithi hadi mwisho: mtoto amekufa kwa risasi, wazazi wamerudi mjini, lulu imetupwa majini. Mzee alinyamaza muda mrefu, ndipo akauliza, "Na chombo? Hawakukitengeneza?" Kijana hakuwa na jibu. Nami niliwaambia wote wafungue kurasa za mwisho watafute.

Walitafuta vijana arobaini, kitabu kimoja kwa watu watatu, na kwa mara ya kwanza mwaka ule sikusikia mtu akitaja kijitabu cha mwongozo. Msichana aliyekaa dirishani ndiye aliyepaona. Kino na Juana wanapita penye majivu ya nyumba yao, wanateremka ufukoni, na chombo kiko palepale, kimevunjika, nao hawageuzi macho kukitazama. Kijana alinakili mahali hapo katika daftari lake, akaandika chini yake kwa Kiswahili, akaenda nalo nyumbani.