Hukumu ya Shylock na Hukumu Yangu

Muhula huu tulisoma *Mabepari wa Venisi*, mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Nyerere aliufasiri, ukachapwa mwaka 1969. Tulipofika penye kesi, darasa zima tulishangilia. Shylock, Myahudi, alidai ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio, akashindwa. Tukasema, "Haki imetendeka!"

Usiku nilifikiri tena. Aliyekata shauri lile ni Portia, naye alikuja amejigeuza mwanasheria wa kiume. Lakini Bassanio, mumewe, ndiye aliyekopewa zile fedha! Kisha Shylock akalazimishwa kuacha dini yake. Sisemi Shylock alikuwa mwema, maana alikuja na kisu. Lakini hata mtu mbaya anazo haki zake. Katiba yetu, tangu mwaka 1984, humpa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu katika Ibara ya 13, na uhuru wa dini katika Ibara ya 19.

Hapo nikakumbuka kosa langu. Mwaka jana sukari ya rafiki yangu ilipotea bwenini. Mimi, kiranja, nilimwadhibu mwenzetu mmoja afagie uwanja juma zima, wala sikumpa nafasi ya kusema. Baadaye sukari ilionekana sandukuni mwa rafiki yangu mwenyewe, chini ya nguo.

Nimekwenda kumwomba radhi yule mwenzetu. Akanijibu, "Ungaliniuliza tu, ningalikwambia."

Basi, wenzangu, tusimcheke Shylock kabla hatujajitazama.