Neno Nililolimeza Mahakamani

Desemba 2016 nilisimama kando ya kizimba katika mahakama moja ya huku mwambao nikatenda kosa ambalo hadi leo hakuna aliyeniuliza. Nilipunguza maneno ya mtu, na nina hofu kwamba nilimpunguzia na maisha.

Ukalimani sikuusomea. Mimi ni muuza mitumba wa Malindi. Baba yangu ni Mgiriama, mama yangu Mworma wa Garsen, na Kiorma nilikinyonya pamoja na maziwa yake. Kiorma na Kioromo cha Ethiopia ni lugha ndugu; wenyewe wakikutana husikilizana. Basi kila vijana wa Kioromo walipokamatwa kwenye barabara ya Garsen, karani alinipigia simu. Nilikuwa nafunga kibanda, naenda kutafsiri, napewa posho, narudi kuuza.

Siku ile waliletwa vijana tisa. Walikuwa wametolewa ndani ya lori la maembe kutoka Tana River, wamejibanza chini ya makreti, safari yao ni Mombasa, Tanzania, hadi Afrika Kusini. Chumba kizima kilinukia maembe. Wa mwisho kuitwa alikuwa rika la mwanangu mkubwa. Amevaa ndala zisizolingana, moja nyekundu na moja ya buluu, na utomvu wa maembe ulikuwa umembabua shavu la kushoto mpaka ngozi imekuwa nyeusi.

Shtaka lilikuwa kuwepo nchini bila kibali. Wanane wa mwanzo walikiri kwa neno moja moja. Yeye aliniita mjomba. Jamaa za mama yangu, watu wa lugha ile, ndio wajomba zangu. Sasa mmoja wao ananiita mimi hivyo, pingu mkononi. Akaeleza kwa kirefu. Alitaja Bishoftu. Mwisho akanikazia macho akasema: na ajjeesu. Maana yake, wataniua.

Nikamgeukia hakimu. "Anasema ni kweli, mheshimiwa. Anatoka Bishoftu. Anaomba msamaha."

Msamaha hakuuomba. Niliutunga mimi.

Kwa nini? Nimejiuliza miaka yote hii, na majibu ni mawili. La kwanza lina sura ya wema: niliamini kwamba anayekiri upesi hupewa adhabu ndogo, na kwamba maneno mengi yangemrudisha rumande miezi. La pili ndilo linaloniuma. Nilikuwa na bunda la nguo linanisubiri stendi, na nilikwisha kuamua moyoni kwamba kila anayekamatwa husema atauawa. Nilijikweza nikawa hakimu kabla ya hakimu mwenyewe. Wazee husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi sikujikwaa. Niliukunja ulimi kwa kupenda.

Walipewa faini au kifungo cha miezi mitatu, kisha warudishwe kwao. Pesa za faini hawakuwa nazo. Nilisaini karatasi ya posho, nikaenda kuchukua bunda langu.

Tarehe 9 Februari 2017 nilisikia kwenye redio ya kibandani kwamba Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu amebatilisha agizo la serikali la kuifunga kambi ya wakimbizi ya Dadaab, kwa kuwa ni haramu kuwasukuma watu warudi kwenye hatari. Nilifurahi. Nilimwambia jirani yangu wa kibanda kwamba hiyo ndiyo haki. Wakati nasema hivyo, kijana wa Bishoftu alikuwa gerezani, hajamaliza miezi yake, na wala hakunijia akilini. Machi alipandishwa gari pamoja na wenzake kuelekea Moyale, mpakani na Ethiopia. Sikusikia habari zake tena.

Macho yangu yalifunguka 2018, katika mafunzo ya siku mbili ya wakalimani. Wakili alitusomea kifungu cha 18 cha Sheria ya Wakimbizi ya 2006, iliyokuwa ikitumika wakati ule: mtu asifukuzwe wala asirudishwe mahali ambapo atateswa, au ambapo uhai na uhuru wake vitakuwa hatarini. Akaeleza kwamba aliyeingia nchini, hata bila kibali, alikuwa na siku 30 za kujitokeza kuomba hifadhi, na kwamba akishaomba kwa nia njema hashtakiwi kwa kuingia kwake. Kenya ilijifunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 tangu mwaka 1966, na kifungu chake cha 33 kinasema hivyohivyo. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unamkinga hata anayekimbia vurugu za nchi nzima. Sheria mpya ya 2021 nayo imeliweka katazo lilelile.

Jioni ile nililitafuta jina la Bishoftu kwenye simu. Mahakamani nilikuwa nimelichukua kama jina la kwao tu, na mengine aliyoyasema nikayahesabu hadithi. Kumbe Oktoba 2, 2016, watu wengi walifia pale katika sherehe ya Waoromo ya Irreecha, polisi walipofyatua mabomu ya machozi na umati ukakanyagana na kutumbukia mitaroni. Siku chache baadaye hali ya hatari ilitangazwa Ethiopia, wakakamatwa maelfu. Kijana alikuwa ananipa ushahidi, mimi nikaugeuza anwani.

Na sikuwa na udhuru wa kutojua maana ya kumrudisha mtu. Upande wa baba nimekua nikisimuliwa habari za watoro, watumwa waliokimbia mashamba ya Malindi na Mambrui wakapokewa na Wagiriama huko bara, Fuladoyo. Mabwana waliwadai. Mwaka 1883 kiongozi wa Fuladoyo, David Koi, aliuawa. Kule Rabai, Januari 1, 1889, zaidi ya watoro 1,400 walipewa hati za uhuru baada ya mabwana kulipwa fidia, badala ya kurudishwa kwa nguvu. Kabla ya mikataba yote ile, huku kwetu kulikuwa na watu waliojua kwamba anayekimbilia kwako hakabidhiwi kwa anayemwinda. Nami ni mjukuu wao.

Mikataba hutiwa saini na serikali, lakini siku ya kesi hulindwa na mtu mmoja aliyesimama kando ya kizimba. Hakimu hawezi kumkinga mtu dhidi ya hatari ambayo hakuisikia. Laiti ningelitamka lile neno, angekuwa na sababu ya kusimamisha kesi na kuwaita maafisa wa wakimbizi. Huenda asingefanya hivyo. Lakini nafasi ya kuamua nilimnyang'anya mimi.

Bado naitwa mahakamani, bado naenda. Siku hizi natafsiri kila neno, hata lisilo na mpangilio, hata linalomchosha karani. Wewe unayeitwa kutafsiri kituoni, hospitalini au barazani kwa chifu, nakusihi ufanye vivyo hivyo.

Na deni langu nalilipa hapa, nimechelewa, lakini kamili:

"Mheshimiwa, anasema ni kweli ameingia bila karatasi. Anasema alikuwa Bishoftu siku watu walipokufa, na rafiki yake alifia mikononi mwake. Anasema askari walikwenda nyumbani kwao mara mbili kumtafuta. Anasema akirudishwa, wataniua. Wataniua, mheshimiwa. Ndivyo alivyosema."