Kutoka Dirisha la Dawa hadi Meza ya Madai

Nilisomea ufamasia Muhimbili, na kwa miaka mingi nikawa mfamasia msimamizi wa duka la dawa Magomeni, Dar es Salaam. Sasa niko kitengo cha madai katika kampuni ya bima ya afya. Wenzangu wa dukani tukikutana huniuliza kama nimeiacha taaluma. Nawajibu kwamba dawa ni zile zile. Kilichobadilika ni mahali ninapozitazamia, na mahali hapo pamenifunza jambo ambalo dirishani nisingelijua hata ningekaa mpaka kustaafu.

Nilianza kazi wakati dawa mseto ya malaria ndiyo kwanza inazoeleka. Klorokwini ilikuwa imeondolewa mwaka 2001 na nafasi yake kuchukuliwa na SP, kisha mwaka 2006 sera ikahamia kwenye mseto, yaani ALu. Kwa mteja tofauti ilikuwa kubwa. SP alimeza vidonge vitatu kwa mkupuo, yamekwisha. Mseto mtu mzima humeza vidonge 24 kwa siku tatu, vinne kila mara, tena baada ya kula. Siku ya pili homa inashuka, mwili unapata nguvu, na vidonge vilivyobaki vinafungwa kwenye karatasi kumsubiri mgonjwa mwingine wa nyumba hiyo. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kurudia maneno yale yale: maliza dozi, hata ukijisikia mzima.

Jambo la pili lililokatisha dozi lilikuwa fedha. Wateja wengi hawakuuliza dozi. Walitaja walichonacho mfukoni. "Dokta, nipe rangi mbili za elfu moja." Nikieleza kwamba amoksilini, ndiyo hiyo rangi mbili, humezwa mara tatu kwa siku, kwa siku zote alizopangiwa mgonjwa, na kwamba nahitaji cheti cha daktari, mtu alinisikiliza kwa adabu, akashukuru, akaenda kujaribu duka jingine. Wenye presha na sukari walikuwa na vyeti vyao, lakini walinunua dawa za wiki moja moja. Kodi ya nyumba ikidai, au ada ya shule, hawaonekani. Wengine walirudi baada ya miezi, wengine hawakurudi kabisa, na mimi sikuwa na njia ya kujua walipo.

Kadi ya bima niliifahamu hapo hapo dukani. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 ukaanza kazi 2001, ukianza na watumishi wa umma, kwa mchango wa asilimia 6 ya mshahara ambao mwajiri na mtumishi hugawana nusu kwa nusu. Mwalimu alikuja na fomu yake kwa sababu dawa aliyoandikiwa haikuwepo hospitali. Akasaini, akachukua dozi kamili, akaondoka bila kuuliza bei. Nyuma yake alisimama kijana wa mkokoteni kutoka Kariakoo akihesabu sarafu. Nilipowaona watu hao wawili kwenye foleni moja niliamini kwamba shida yote ya dawa ni nani analipa. Akipatikana wa kulipa, nilijiambia, dozi itakamilika.

Imani hiyo ndiyo iliyonisukuma kuomba kazi ya bima, pamoja na uchovu wa kusimama hadi usiku, Jumapili na sikukuu. Kampuni ilitaka mtu anayezijua dawa akague madai ya hospitali. Mama yangu hakupendezwa. "Mwanangu, umesomea dawa, unakwenda kuhesabu makaratasi?"

Miezi ya mwanzo maneno yake yalinirudia mara nyingi. Dai lina namba ya uanachama, msimbo wa ugonjwa na orodha ya dawa. I10 ni shinikizo la juu la damu. E11 ni kisukari cha aina ya pili. J06 ni maambukizi ya njia ya juu ya hewa, yaani mafua na koo. Dukani mama akija na mtoto nilimuuliza: ana kilo ngapi, ameanza lini, amekwishameza nini? Karatasi haijibu. Inakuonyesha J06, na chini yake sindano za seftriaksoni, antibayotiki nzito kwa ugonjwa ambao mara nyingi ni wa virusi na hupona bila antibayotiki yoyote. Ungeweza kuikata na kupeleka barua ya makato, lakini makato yanaweza kumwangukia mgonjwa kesho akirudi hospitali hiyo. Kwa hiyo kwanza nampigia daktari simu. Pengine kuna sababu ambayo haikuandikwa, na pengine tunaelewana kuhusu mgonjwa anayefuata.

Lakini jambo kubwa lililobadilisha fikra zangu lilitoka kwenye historia za wanachama. Mwanachama wa I10 anachukua amlodipini mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha kimya. Halafu linakuja dai jipya: kiharusi, kulazwa, picha ya ubongo, mazoezi ya viungo. Mwenye kisukari anaacha metformini, na baada ya muda tunalipia kusafisha kidonda cha mguu. Nilikuwa nimewapata wale waliokuwa wakitoweka dirishani kwangu, au watu kama wao. Nikajua walikokuwa wakiishia.

Na hawa walikuwa na kadi. Dawa ya mwezi mzima haikuwagharimu kitu, na hata kwa kampuni amlodipini ya kawaida haifiki bei ya usiku mmoja katika wodi ya hospitali binafsi. Wapo ambao ukomo wao wa matibabu ya nje ulikwisha kabla ya mwaka kwisha, na hilo ni kosa la mpango wa bima. Lakini wengi waliacha kwa sababu ile ile ya mteja wa mseto: walijisikia wazima. Presha haiumi. Bima ilikuwa imelipa dawa, na hakuna aliyelipwa kuwaeleza.

Niliwaeleza wakuu wangu, wakakubali tuwapigie wanachama wenye magonjwa ya kudumu ambao dawa zao zimekatika. "Shikamoo baba. Nimeona mwezi huu hujachukua dawa." Wengine hushtuka kwamba kuna mtu ameona. Wengine husema dawa iliwaletea uvimbe wa miguu wakaona waiache, na hapo nawaelekeza warudi kwa daktari awabadilishie. Ni mazungumzo yale yale ya Magomeni.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Machi 2024 nchi nzima ilizungumzia kitita cha mafao na bei za dawa, baada ya baadhi ya hospitali binafsi kusitisha huduma kwa wanachama wa NHIF. Mvutano wa bei ni wa kweli, nami naushughulikia kila siku. Hata hivyo, bei ikishapatanishwa bado kuna mtu nyumbani mwenye kopo la dawa anayejiona amepona. Taasisi za bima ziwaajiri wafamasia, na kazi yao isiishie kukagua na kukata. Wapewe muda na simu za kuwafuatilia wagonjwa. Nawe msomaji, ukiwa na presha au sukari, chukua dawa zako mwezi huu hata kama huumwi popote, na kabla hujaacha hata kidonge kimoja, muulize mfamasia wako.