Mbwa Wawili, Kadi Moja

Akina mama wenzetu, safari tunayotaka kuwasimulia haikuwa ya mbali. Kutoka Bukoba mjini hadi Kamachumu, wilayani Muleba, gari zima hufika kabla chai ya kwenye chupa haijapoa. Sisi tuliifanya kwa siku mbili, kwa makusudi. Tulitaka watoto walale hemani njiani, na mbwa wetu wawili waje pamoja nasi.

Hema lenyewe lina historia yake. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi lilipoupiga mkoa wetu wa Kagera, nyumba yetu ilipata nyufa, na kama majirani wengi tuliogopa kulala ndani. Mwanzoni tulijifunika turubai, kisha ndugu mmoja akatuletea hema. Sisi wazazi tulikesha tukisikiliza kuta. Watoto wao waliona ni sikukuu. Tangu hapo kila likizo swali lilikuwa lile lile: "Tutalala hemani lini tena?"

Basi Desemba ya 2021 tukakubali. Tulifikiri kwanza kufika Burigi, lakini tangu 2019 Burigi-Chato ni hifadhi ya taifa, na mbwa haruhusiwi kuingia hifadhini. Watoto walinung'unika. Tukawaeleza yaliyotokea Serengeti mwaka 1994, jinsi virusi vya ugonjwa wa mbwa uitwao distempa vilivyoua kiasi cha theluthi moja ya simba wa kule. Simba wa porini, kwa ugonjwa wa mbwa! Wakanyamaza, wakachagua kwenda kwa Bibi.

Mbwa walikuwa Simba na Popi. Simba ni mzee, mtulivu, na kadi yake ya chanjo tunaiweka pamoja na kadi za kliniki za watoto. Popi alikuwa na miezi mitano tu, mweupe kifuani, mali ya binti yetu wa miaka 9. Popi hakuwa na kadi. Siku afisa mifugo alipopita mtaani kwetu kuchanja, tulikuwa kwenye harusi. Tukasema tutampeleka wiki ijayo. Wiki ijayo tukasema tukirudi safari.

Usiku wa kwanza tulilala karibu na Kemondo, katika uwanja wa rafiki wa familia, ziwa likionekana kwa chini. Kwa kweli ulikuwa usiku mzuri. Tulikula ndizi na samaki, na senene walipoanza kuanguka kwenye mwanga wa taa, watoto walikimbia na ndoo huku Popi akiwala wale waliowaponyoka. Mmoja wetu alisema, "Hivi kwa nini hatufanyi hivi kila mwaka?"

Kesho yake tulipita Muhutwe, tukapanda hadi Kamachumu. Bibi alitupokea kwa vicheko. Tulimwamkia, "Kasinge waitu," naye macho yake yalikuwa kwenye gari. Enzi zake mbwa alivaa njuga akaenda kuwinda. Mbwa kupanda gari kama bwana mkubwa, hilo lilikuwa jipya kwake. Tukapiga hema pembeni mwa migomba.

Ilipokaribia saa mbili usiku akaja mbwa mgeni. Hatukumsikia akibweka. Alitoka tu gizani, mdomo wazi, mate yakining'inia, anayumba kidogo, akamrukia Popi. Simba aliingia katikati, naye akang'atwa. Kabla hatujanyanyuka, binti yetu alikuwa amekwisha kumshika Popi ili amwokoe, na yule mbwa akamuuma mkononi, chini ya kidole gumba. Kisha akaenda zake gizani, kana kwamba hakutuona.

Damu haikuwa nyingi. Hapo ndipo palipo na mtego. Baba mkubwa, aliyekimbia na panga, alisema tupake dawa ya majani tumfunge kitambaa, halafu tungoje tuone kama mbwa yule atakufa. Alisema kwa upendo, na yeye ni mkubwa wetu. Kumpinga mkubwa nyumbani kwa mama yake si jambo jepesi, ninyi mnajua. Tulitazamana. Mmoja wetu akaenda kuleta sabuni ya kufulia, mwingine akaleta ndoo ya maji.

Tuliosha mkono ule kwa sabuni na maji ya kumiminika kwa dakika 15, kwa kutazama saa. Dakika 15 ni ndefu sana mtoto akilia. Lakini virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate, huingia kwa njia ya kidonda, kisha husafiri taratibu katika mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Sabuni huviua vingi vikiwa bado mlangoni. Majani, pilipili na kitunguu havina kazi hapo. Na kungoja ndiko kubaya kuliko yote, kwa sababu mtu aliyeumwa anaweza kukaa miezi miwili au mitatu bila kuonyesha dalili, na dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Yule mbwa anaweza kuchunguzwa huku mtoto amekwisha kuanza sindano. Baba mkubwa alitusikiliza, akaenda mwenyewe kutuwashia taa njiani.

Kituo cha kwanza tulichofika hakikuwa na chanjo. Tukageuza gari, tukarudi Bukoba usiku ule ule, binti amelala mapajani, hema tumeliacha limesimama migombani. Tuliomba njia nzima, kila mmoja kimoyomoyo. Mjini alipata sindano ya kwanza kabla ya kupambazuka. Kadi yake iliandikwa siku za kurudi: ya 3, ya 7 na ya 28. Tuliambiwa pia kwamba kwa jeraha lililotoka damu ipo dawa nyingine inayodungwa kandokando ya kidonda. Mkifikwa na jambo hili, iulizieni, msingoje kuambiwa.

Baadaye tulisoma kwamba mtu wa kwanza ambaye Louis Pasteur alimpa chanjo hii, mwaka 1885, alikuwa mtoto wa kiume wa miaka 9, Joseph Meister. Mama yake alimtoa kwao Alsace akampeleka Paris, kwa mtaalamu ambaye hata hakuwa daktari, kwa dawa iliyokuwa imejaribiwa kwa wanyama. Mtoto akapona. Tulimfikiria sana mama yule. Sisi tulikuwa na barabara ya lami na dawa inayojulikana, na bado mikono ilitutetemeka.

Yule mbwa mgeni aliuawa na wanakijiji asubuhi, na afisa mifugo akachukua kichwa chake kwa uchunguzi. Majibu yalikuwa kama tulivyoogopa. Simba, kwa kuwa alikuwa na kadi, alichanjwa tena, akafungiwa nyuma ya nyumba tukimwangalia. Kwa Popi, afisa alituambia yapo mambo mawili tu: kumfungia miezi sita mahali ambapo hakuna mtu wala mnyama atakayemgusa, au kumwua. Nyumba yetu ina watoto wanne. Hatuna chumba cha namna hiyo. Popi alipelekwa asubuhi, watoto wakiwa wamelala.

Binti alipouliza, tulimwambia Popi amebaki kwa Bibi.

Hatukupanga kusema hivyo, lilitoka tu, na likishatoka tukaliendeleza. Anakula vizuri? Anakula. Amekua? Amekua. Sindano ya siku ya 3 alivumilia kwa sababu ya Popi, na ya siku ya 7 vilevile. Usiku sisi wawili tulisemezana kwamba mtoto yumo katika matibabu, tusimwongezee huzuni, tutamwambia akimaliza. Yalikuwa maneno yale yale ya wiki ijayo, na tuliyatambua, lakini hakuna kati yetu aliyetaka kulisema hilo kwa sauti.

Siku ya 28 ilifika. Alipotoka kudungwa, amebonyeza pamba begani, alisema, "Sasa twendeni Kamachumu tukamchukue." Alikuwa amebeba kamba ya Popi mfukoni.

Tulimwambia palepale ndani ya gari, kabla ya kuwasha injini. Tulimwambia kwamba Popi alikufa siku ya pili, na kwamba tulimdanganya. Hakulia mara moja. Aliuliza, "Simba aliumwa vilevile. Mbona yeye yupo?"

"Simba alikuwa amechanjwa."

"Kwa nini hamkumchanja Popi?"

Tungeweza kutaja mambo mengi. Tukamwambia kweli: tulikuwa harusini, halafu tukaahirisha. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akageukia dirishani, na hapo ndipo alipolia, hadi nyumbani.

Tulipofika alishuka wa kwanza. Hakutusubiri. Alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa chini nje ya uzio wa Simba, kwa sababu tulikuwa tumemkataza kumgusa mpaka afisa aruhusu. Akakaa pale mpaka giza likaingia, naye Simba amelala upande wa pili, na ile kamba iko mapajani mwake.